"Injini haijafunguliwa" si sifa ya pikipiki ya zamani

Jumamosi kijana alishusha Honda XL125S kutoka kwenye kirikuu mbele ya kibanda changu hapa Ilala, akaniamkia, na kabla sijaigusa akasema: "Fundi, chombo hiki bado kisafi. Injini haijawahi kufunguliwa. Kuna kitu kidogo tu kinagonga huku juu."

Ni mtu wa tatu mwezi huu. Madalali wa pikipiki za zamani wanaitamka sentensi hiyo kama kiapo, na wanunuzi wanaongeza hela kwa ajili yake. Mimi huletewa baada ya hela kutoka, na inaniuma kila mara.

Honda za aina ya XL125S na CG125 hazina filta ya oili ya karatasi. Zina kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa kulia, ndani ya kava la klachi. Kikombe kinazunguka na kranki, na uchafu, kwa kuwa ni mzito kuliko oili, unatupwa pembeni na kuganda humo. Ili ukisafishe, sharti ufungue injini upande wa kulia. Kwa hiyo mtu anayekuambia kuwa injini ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 haijawahi kuguswa, anakuambia kwa mdomo wake kwamba filta haijawahi kusafishwa. Kikombe kikishajaa, uchafu unaendelea na safari kwenda juu.

Na huko juu, kwenye XL125S, kamu, yaani mhimili unaofungua valvu, haikai kwenye beringi. Inazunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya silindahedi, na kinachozitenganisha ni utando wa oili tu. Nilifungua ya kijana yule mbele ya macho yake. Kikombe kilijaa tope jeusi lililokauka, nikalikwangua kwa bisibisi kama ukoko wa ubwabwa. Kamu ilikuwa imekula makalio yake, pale inapokalia kwenye silindahedi, hadi ukucha unanasa kwenye mifereji. Hicho ndicho "kitu kidogo".

CG125 inavumilia zaidi. Ilipotoka mwaka 1976 Honda walikuwa wameshaona jinsi pikipiki zinavyobebeshwa mizigo na kucheleweshewa oili katika nchi kama zetu, wakaachana na kamu ya juu yenye cheni. Kamu ya CG iko chini, inaendeshwa na gia, na roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zinasukumwa na fimbo. Lakini kuvumilia na kutochakaa ni mambo mawili tofauti, na kikombe cha filta CG inacho vilevile.

Kwa tustroku, yaani injini zinazochoma oili pamoja na petroli kama Yamaha AG100, DT na wenzao, sentensi ile ni mbaya zaidi. Injini inayounguza oili yake lazima ijaze masizi kwenye tundu la ekzosi na juu ya pistoni, na masizi hayo hutolewa kwa kufungua. Kama haijafunguliwa miaka 30, ama imeziba, ama imesimama bandani muda mrefu. Iliyosimama ina ugonjwa wake: oilsili za kranki, mipira inayozuia oili na hewa kupita, zinakauka. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia, moshi haukatiki na oili ya gia inapungua bila kuonekana chini. Ya upande wa sumaku ikivuja, inavuta hewa. Ukiachia mafuta injini haishuki sailensa, yaani mzunguko wa taratibu, bali inachanganya yenyewe, na siku moja pistoni inakamata ukiwa Barabara ya Morogoro na lori nyuma yako.

Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni nani aliifungua, lini, akaweka nini, na vifaa vya zamani viko wapi. Mtu aliyetengeneza kwa uangalifu mara nyingi ameitunza pistoni ya zamani. Mwombe uione. Silinda ya CG ikiwa haijachongwa ndani kupanuliwa ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni za kipimo cha ziada huandikwa juu 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Injini iliyochongwa 0.25 na ikafungwa vizuri naitaka kuliko isiyoguswa. Ikishafika 1.00, jua kwamba uchongaji umefika mwisho, na ukimaliza hapo unatafuta silinda nyingine.

Angalia vichwa vya bolti: vikiwa mviringo, aliyezifungua alitumia playa. Angalia silikoni kwenye maungio. Iliyochomoza nje imechomoza na ndani pia, na kipande kikikatika kinaweza kuziba njia ya oili. Lakini niseme ukweli: fundi mbaya mwenye mikono misafi simjui kwa kutazama nje. Nimewahi kuisifia injini ya namna hiyo, na mteja wangu akaumia kwa neno langu.

Kiki moja haithibitishi kitu. Fika bila kupiga simu nusu saa kabla, muuzaji asije akaipasha moto, weka mkono kwenye silinda, na ikiwa ya moto, subiri ipoe. Kisha sukuma kiki taratibu kwa mkono, usikie ikikukatalia. Ikiwaka, fungua vifuniko vya tapeti umulike tochi: roka lazima zilowe oili. Moshi wa bluu ukiachia mafuta kisha ukafungua tena, ni gaidi za valvu, yaani mirija inamopita miti ya valvu, au sili zake. Ukija wakati inavuta mlima, ni ringi za pistoni.

Kuhusu sauti, watu wanapenda CG iliyo kimya, na hilo nalo linanikera. Uwazi wa tapeti zake, yaani nafasi kati ya roka na valvu, ni milimita 0.08. Ukibanwa hadi isiwepo kelele yoyote, valvu ya ekzosi haikai vizuri, inaungua. Mdundo mwepesi juu haunitishi. Mlio wa chini ndio unaonisumbua, maana pistoni yenye nafasi ikiwa baridi na konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki, iliyoanza kulegea hufanana masikioni mwangu hata sasa, miaka yote hii. Nikiwa na shaka nasubiri ipate moto. Ikizidi, naondoka.

Mengine haraka. Mulika ndani ya tenki uone kutu. Chumvi ya Kigamboni na Kunduchi inakula spoku na chini ya swingiamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, piga kwa bisibisi. Zungusha usukani gurudumu la mbele likiwa hewani, ukinasa katikati beringi zimekwisha. Linganisha namba za fremu na injini na kadi. Injini halisi ya CG125 huanza na CG125E. Ukikuta 156FMI, hiyo ni ya Kichina: namba hizo zinasema silinda moja, kipenyo cha milimita 56 hivi, kupoozwa kwa hewa. Si dhambi, ila usiilipie bei ya Honda.

Kijana sasa anazunguka Gerezani na Kariakoo kutafuta silindahedi. Nimemwambia asitoe hata shilingi kabla hajaipitisha ukucha kwenye makalio ya kamu, na akiwa na wasiwasi aniletee niione.