Hita ya mafuta haili umeme kidogo kuliko nyingine

Wanaonunua hita ya chumba kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, iwe Njombe au Limuru, huambiwa mara nyingi kwamba ya mafuta hula umeme kidogo kuliko ya feni. Si kweli. Katika hita zote mbili umeme hupitishwa kwenye kipande chenye ukinzani (kinachopinga umeme kupita), kwa kawaida waya wa nikromu, yaani aloi ya nikeli na kromiamu, na karibu nishati yote inayoingia hugeuka joto. Kwa hiyo hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hutumia uniti 2 na kutoa joto la uniti 2, hata muuzaji aisifu vipi.

Mafuta yaliyomo, ambayo hayaungui wala hayaongezwi (wapo wanaodhani ni kama ya jiko), huhifadhi joto tu na kulitoa polepole hata baada ya themostati (kidhibiti cha joto) kukata umeme. Hita ya mionzi, ile yenye vyuma vinavyoiva hadi kuwa vyekundu, humpasha aliye mbele yake kabla ya hewa, na hapo akiba ya kweli inawezekana, kwa kuwa mtu mmoja aliyeketi mezani hahitaji chumba kizima kipate joto.

Kinachovunja hesabu hii ni pampu ya joto, kwa mfano kiyoyozi kinachoweza kufanya kazi kinyume: hulihamisha joto kutoka nje badala ya kulizalisha, na kwa uniti 1 ya umeme kinaweza kuingiza ndani joto la uniti 3 hivi.