Miradi ya UKIMWI haikuleta mashoga
Kijiwe cha kahawa hapa Mtwara, korosho zikiisha kujadiliwa, utasikia: ushoga umeletwa na miradi ya UKIMWI. Si kweli. Maneno basha na hanithi, ya kuwataja wanaume wanaolala na wanaume, yalikuwapo pwani zamani, kabla wagonjwa wa kwanza nchini hawajatambuliwa Kagera mwaka 1983.

Marekani ripoti ya kwanza, ya 1981, ilihusu vijana watano mashoga wa Los Angeles, ndipo ugonjwa ukabandikwa kwao. Kwetu kampeni zilimsema mume na mke miaka mingi. Wahudumu walipoanza kutaja “makundi maalumu”, mashoga wakiwamo, watu wakadhani mashoga ndiyo kwanza wamefika. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ikazuia vituo 40 kuwahudumia mashoga. Virusi vyenyewe nchini huenea zaidi kati ya mwanamume na mwanamke.