Je, wajua kwa nini maabara nzuri huandika ajali ambayo haikutokea?

Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, lebo imebanduka. Ilikaa mezani katika maabara yetu, karibu na sinki, kizibo kimekazwa, na ndani yake kimiminika kisicho na rangi kimejaa hadi mabegani. Mama anayetufanyia usafi aliingia kwenye saa tisa alasiri. Bomba lilikuwa limekatika tangu asubuhi, na alikuwa ametoka kupandisha ndoo mbili za maji kwa ngazi. Akaishika ile chupa, akafungua, akaipeleka mdomoni. Pua ndiyo iliyomwokoa.

"Mwanangu, maji gani haya yananuka kama spiriti?"

"Weka chini, mama, weka chini! Hiyo methanoli!"

Tukacheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikaihamishia methanoli kwenye chupa nyingine, ile ya maji nikaitupa, kazi ikaendelea. Methanoli tunaitumia kila siku: slaidi ya damu ya malaria, ile ya tabaka jembamba, huchovywa humo ili damu ishike kwenye kioo kabla ya kupakwa rangi ya Giemsa. Ukiinywa ni habari nyingine. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva za macho. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kumpofusha mtu. Na mama wa watu alikuwa na kiu ya kumaliza chupa nzima.

Hakuna aliyeandika popote. Tungeandika nini, na hakuna aliyeumia?

Kumbe maabara zinazojua kazi yake huandika hata hilo, tena hulichukulia kwa uzito karibu sawa na mtu kulazwa. Kwa nini wapoteze wino kwa kitu ambacho hakikutokea?

Kwa sababu kilitokea, isipokuwa kipande chake cha mwisho. Hesabu mwenyewe: sumu ilikuwepo, chupa ya kunywea ilikuwepo, lebo haikuwepo, mtu mwenye kiu alikuwepo. Kilichobaki kati ya kicheko na msiba ni pua. Angekuwa na mafua siku ile, je? Kiswahili kina neno lake zuri kwa siku kama hizo, nusura. Tatizo ni kwamba tumelizoea kama neno la kushukuru. Nusura nigongwe, Mungu mkubwa, na safari inaendelea.

Mwanasaikolojia James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alilieleza jambo hili kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Sisi jibini hatujaizoea hivyo, basi chukua mabati chakavu. Panga mabati matatu juu ya kitanda chako, moja juu ya jingine, kila moja na matundu yake ya misumari. Mvua ya ziwani itapiga mwaka mzima nawe utalala mkavu, mpaka usiku ambao matundu yote matatu yamelingana. Nusura ni ule usiku ambao tone limepenya bati la kwanza na la pili likaishia kwenye la tatu. Hukulowa, lakini ungekuwa macho ungejua matundu mawili yako wapi.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Honolulu. Mwaka 2016 mtafiti mmoja pale alikuwa akilisha bakteria kwa mchanganyiko wa gesi za haidrojeni, oksijeni na kaboni dioksidi. Haidrojeni na oksijeni katika tangi moja lenye mgandamizo ni baruti inayongoja cheche. Kabla ya ajali alishapigwa na shoti ndogo za umeme tuli alipogusa tangi. Siku moja kabla, mlipuko mdogo ulitokea ndani ya tangi dogo la jaribio kama hilo, bila kumdhuru mtu. Alimweleza mkuu wake. Kesho yake, Machi 16, kazi ikaendelea na tangi la lita 49, nalo likalipuka. Alipoteza mkono. Wachunguzi walipotafuta kiwashio, waliona kuwa umeme tuli ndio uliowezekana zaidi, ule ule uliokuwa ukimpa shoti.

Miaka 6 kabla, Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mwanafunzi alikuwa akisaga kwenye kinu kidogo mchanganyiko wa kemikali ya kulipuka. Kikomo walichowekewa kwa mdomo kilikuwa miligramu 100. Yeye na mwenzake walitengeneza gramu 10, mara mia ya kiasi hicho, ili iwatoshe kwa vipimo vyote. Ulipolipuka alipoteza vidole vitatu na jicho likajeruhiwa. Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipochimba, ilikuta kwamba makundi hayohayo ya utafiti yalishapata matukio mawili ya namna hiyo tangu 2007. Hakuna aliyeumia katika matukio hayo, hivyo hayakumbadilisha mtu. Nami naliangalia sana hilo neno "kwa mdomo". Kikomo kisichoandikwa humfikia aliyekuwepo chumbani siku ile, na chuoni wanafunzi hubadilika kila mwaka.

Kuna watu hapa watanitajia hesabu ya Heinrich, Mmarekani wa bima aliyeandika mwaka 1931 kwamba kwa kila jeraha kubwa moja huwa kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyojeruhi. Namba hizo zimebishaniwa mno na mimi siziapii. Tena si kila ajali hupiga hodi. Mwaka 1996 profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, bingwa wa sumu za metali, aliangukiwa na matone machache ya dimethili-zebaki, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glovu. Alikuwa amevaa glovu za mpira kama ilivyoshauriwa wakati ule. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba kemikali ile hupenya glovu za aina hiyo ndani ya sekunde 15. Alifariki Juni 1997. Pale hakukuwa na nusura ya kuandika. Aliyefuata ndiye aliyefaidika, kwa kuwa wenzake walitangaza haraka yaliyompata.

Sasa, mbona hatuandiki zile zinazopiga hodi?

Ajali kubwa hujiandika yenyewe. Sisi wa Mwanza hatuhitaji daftari kukumbuka Mei 21, 1996. Makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba yapo Igoma, na tume iliundwa. MV Nyerere ilipopinduka Ukara Septemba 20, 2018, kivuko cha watu 101 kikiwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, nchi nzima ilijua kabla ya jua kuzama. Ila siku zote ambazo chombo kilijaa kupita kiasi na kikafika salama, nani aliziandika? Abiria walishuka, wakafuta jasho, wakatafuta bodaboda.

Sababu ya pili ni woga. Kazini kwetu neno "mzembe" liko karibu sana na ulimi. Chukua kuchomwa sindano, ajali ya kila siku ya maabara za hospitali. Sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI ikikuchoma, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa huweza kufika 30 kati ya 100. Dawa za kinga ya VVU zipo, zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa siku 28. Anayeficha ili asiitwe mzembe anazipoteza saa hizo. Nimewaona watu wakiosha kidole kimyakimya, wakivaa glovu mpya, wakirudi kwenye darubini kama hakuna kilichotokea.

Wenye ndege walilitatua hilo kabla yetu, na iliwagharimu. Desemba 1, 1974 ndege ya kampuni ya TWA iligonga mlima ikielekea kutua karibu na Washington. Watu 92 walikufa. Ikaja kujulikana kwamba wiki sita kabla, ndege ya kampuni ya United ilikuwa imeponea chupuchupu kwenye mlima uleule. Marubani wake walitoa taarifa, kampuni yao ikawaonya marubani wake, lakini wa kampuni jirani hawakusikia. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kupokea taarifa za nusura, ukawekwa mikononi mwa NASA. Mbona NASA, watu wa anga za mbali? Kwa sababu NASA haina mamlaka ya kumnyang'anya rubani leseni. Taarifa inapokelewa, majina yanaondolewa, kisha somo linasambazwa kwa wote.

Ukienda mwalo wa Igombe alfajiri, wavuvi wa dagaa wakiwa wanafunga mitumbwi, utasikia jambo linalofanana na hilo bila fomu yoyote: upepo umebadilika wapi, jiwe gani limejificha chini ya maji, nani nusura apinduke. Sisi wenye makoti meupe tulihitaji kufundishwa.

Aliyetufundisha ni mkuu mpya wa maabara. Kila Jumatatu, kabla ya sampuli kufika, aliuliza swali moja: "Wiki iliyopita, nusura nini?" Wiki za kwanza tulitazamana. Wiki ya nne alianza mwenyewe, akasema nusura afungue otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, kabla mvuke haujashuka kwa kuwa alikuwa anaongea na simu. Baada ya hapo mdomo wangu ukafunguka, nikaisimulia ile chupa, miezi saba imepita.

Hakuuliza nani. Alichukua kalamu, akauliza kwa nini methanoli ilikuwa kwenye chupa ya maji. Kwa sababu chupa yake ya kubinya ilipasuka. Kwa nini haikubadilishwa? Ombi lilikuwa linangoja manunuzi ya robo mwaka. Chupa ya maji ya kunywa ilifikaje maabara? Friji ni moja, vitendanishi (kemikali za vipimo) na maji ya kunywa vinalala pamoja. Na mama wa usafi hakujua hatari? Hapo tulinyamaza. Mafunzo ya usalama tulipewa sisi wataalamu peke yetu, na maonyo yote ukutani yalikuwa kwa Kiingereza. Yeye anasoma Kiswahili vizuri tu, hata gazeti la ofisini huwa analimaliza kabla yetu.

Hakuna jibu hata moja lililosema kwamba fulani ni mzembe, ingawa ile chupa niliijaza mimi.

Mwezi uleule friji ndogo ya maji iliwekwa nje kwenye korido, chupa za kubinya zikanunuliwa za akiba, maonyo yakaandikwa upya kwa Kiswahili, na mama akaketi kwenye mafunzo kiti cha mbele. Dawa za kweli huwa za namna hiyo, unaondoa kitu mahali pasipo pake. Bango la "Kuwa makini" ni rahisi kuchapa, ndiyo maana yamejaa.

Daftari la nusura linaning'inia mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Jina si lazima. Mwandiko wa mama naujua, herufi kubwa zilizolala upande wa kulia, na ndiye anayeandika kuliko sisi wote. Siku moja nilikuta hivi: "Sindano ipo kwenye mfuko mweusi wa takataka. Imetoboa glovu, kidole haijafika. Nimeangalia boksi la sindano la meza ya pili."

Boksi la sindano linapaswa kufungwa likifika robo tatu. La meza ya pili lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, sindano zimesimama kama miiba ya nungunungu, tangu Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi.