Je, Wajua Kwa Nini Ghorofa Huporomoka Tetemeko Likipiga?

Nguzo za jengo hujengwa kwanza zibebe uzito unaoshuka. Tetemeko kubwa huja na kazi nyingine: huirusha ardhi kando, huku na huku, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Msingi huenda na ardhi ilhali orofa za juu, kwa uzito wake, hubaki nyuma. Nguzo ndizo huvutwa pande zote mbili, na jengo likiwa zito zaidi, nguvu hiyo huzidi.

Tazama ghorofa nyingi za mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Githurai. Chini ni maduka, uwazi na nguzo tupu. Juu ni vyumba vyenye kuta za mawe kila upande. Kuta hizo huzikaza orofa za juu, kwa hiyo kuyumba kote hukusanyika pale chini. Nguzo za chini zikivunjika, jengo zima hulalia maduka. Tetemeko la Uturuki la Februari 2023, la kipimo cha 7.8, liliangusha majengo mengi yenye udhaifu huo.

Kinachoiokoa nguzo ni kitu kidogo sana: ringi. Ni chuma chembamba kinachozungushwa kufunga vyuma virefu vilivyosimama. Zege likianza kupasuka, ringi zilizokaribiana, ncha zake zikiwa zimekunjwa hadi ndani ya nguzo, hulishika lisimwagike na huvizuia vyuma visipindie nje. Zikiachana mno, au ncha zikikunjwa nusunusu, hufunguka na nguzo hukatika ghafla. Kupunguza ringi ili kuokoa shilingi ni kuhatarisha roho za wapangaji, na mjengo wowote unaofanya hivyo unastahili kusimamishwa.

Udongo nao una neno. Mwaka 1985 tetemeko lililoanza zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City liliuharibu mji huo vibaya, kwa kuwa sehemu yake kubwa imekaa juu ya tope la ziwa la kale, na tope hilo liliukuza mtikisiko.

Wapo wanaosema hayo ni ya ng'ambo. Subukia, katika Bonde la Ufa, ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 6.9 Januari 1928, wakati Nairobi ilikuwa bado mji mdogo. Na lile jengo la orofa sita la mtaa wa Huruma, Nairobi, lililoua takriban watu 50 Aprili 2016, lilianguka usiku wa mvua, bila tetemeko lolote.