Elimu kwa umma: Rola ya mkono ni ya misuli iliyochoka, si ya jeraha

Msimu wa mbio umeshika kasi Dodoma. Vikundi vya jogingi vinaongezeka kila alfajiri kuzunguka Uwanja wa Jamhuri na kwenye mwinuko wa Chimwaga. Wapo wanaojiandaa kwa mbio za Julai, na wapo wanaoendeleza utaratibu wa Jumamosi ya pili ya mwezi uliohimizwa kitaifa tangu mwaka 2016. Hilo ni jema na tunaliunga mkono. Lakini pamoja na viatu vipya imeingia rola ya mkono, ile fimbo yenye shanga zinazozunguka, na sisi wa kliniki za fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, tunapokea watu waliomaliza mbio salama wakaja kujiumiza nyumbani kwa kujichua vibaya. Kigimbi kimevilia damu, ngozi ya ugoko imechubuka, na mgonjwa anaeleza kwa fahari kwamba alikandamiza "mpaka machozi yakatoka".

Maumivu yanayohusika na rola ni yale yanayoanza saa 12 hadi 24 baada ya zoezi, yanayofika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yakaisha yenyewe ndani ya siku tano hadi saba. Chanzo chake ni mipasuko midogo sana kwenye nyuzi za misuli, na mwili unapoikarabati eneo linakuwa jororo na linauma likiguswa. Mipasuko hiyo hutokea zaidi pale msuli unapozuia uzito huku ukirefuka. Ndiyo maana anayepanda Chimwaga anahema, lakini ni kule kuteremka kunakomfanya kesho yake ashuke ngazi kinyumenyume.

Wengi wanailaumu asidi ya laktiki, ile inayozalishwa na misuli ikifanya kazi nzito, lakini haihusiki. Inayozalishwa wakati wa mbio huondoka kwenye damu ndani ya takriban saa moja baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo cha maumivu ya Jumatatu kwa mtu aliyekimbia Jumamosi. Rola pia haitoi "sumu" mwilini, na haipunguzi kitambi. Suala la kitambi linaulizwa mara nyingi kiasi kwamba imebidi liandikwe.

Faida halisi ya rola ni ya wastani. Inapunguza hisia ya maumivu na kukaza, na inaongeza wepesi wa kiungo kwa muda mfupi, kama dakika kumi hadi ishirini. Kwa sehemu kubwa hili linafanyika kupitia mishipa ya fahamu: mguso wa taratibu unaojirudia unaufanya mwili uvumilie zaidi kuvutwa na kuguswa. Hakuna kinachovunjwa ndani ya msuli. Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini kukandamiza kwa nguvu zote hakukuongezei kitu.

Kuchagua rola

Rola ya kawaida ina urefu wa sentimita 40 hadi 60. Ina mhimili wa katikati wa chuma au plastiki ngumu, shanga au vipingili vinavyozunguka juu ya mhimili huo, na vishikio viwili. Sehemu inayozunguka ikiwa sentimita 20 hadi 25 inatosha kwa paja la mtu mzima. Kabla ya kulipa, ipitishe kwenye mkono wako, kati ya kiwiko na kifundo, mara kumi bila mafuta. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Shanga zizunguke zenyewe bila kukwaruza. Nafasi kati ya shanga na shanga isibane ngozi wala vinyweleo, maana zile za bei ya chini hufunguka kidogo mhimili unapopinda, kisha hufunga ngozi ikiwa katikati. Na pitisha kidole kwenye mshono wa plastiki: ukikwaruza kidole, utakwaruza na paja. Rola yenye miiba mirefu iacheni dukani.

Swali la mti wa kusukumia chapati tunalipata kila wiki. Unaweza kutumika, lakini ule wa kipande kimoja hauzunguki juu ya mhimili, kwa hiyo unaiburuza ngozi badala ya kuukanda msuli. Vaa suruali laini au weka kanga katikati. Kama unataka cha kutengeneza nyumbani, chukua fimbo ya mbao iliyopigwa msasa, urefu wa sentimita 50, na uivishe kipande cha bomba la maji la plastiki chenye sentimita 25 ambacho kinazunguka bila kubana. Kingo mbili za bomba zisuguliwe kwa msasa mpaka ziwe butu, kwa sababu bomba lililokatwa kwa msumeno lina makali kama wembe wa zamani. Na mti wa chapati ukishautumia kujichua, usirudi jikoni.

Vumbi la Dodoma nalo lina hesabu yake. Rola ikitupwa chini pembeni ya uwanja, mchanga unaingia kati ya shanga na mhimili, na baada ya wiki mbili shanga hazizunguki tena, zinakwangua. Ioshe kwa maji ya sabuni ukizungusha shanga kwa vidole, ikung'ute, ikauke kivulini. Ukiiacha kwenye gari lililoegeshwa juani, plastiki inapinda. Kwenye vikundi ambako rola moja inapita kwa watu kumi na tano, ioshwe kati ya mtu na mtu, au kila mmoja aitumie juu ya nguo. Fangasi wa ngozi husambaa hivyohivyo.

Namna ya kujichua

Ukimaliza kukimbia usikimbilie rola. Tembea dakika tano hadi kumi, kunywa maji, badili nguo iliyolowa jasho, hasa asubuhi za Juni na Julai ambazo upepo wake unauma. Ndipo ukae.

Msuli uwe umelegea. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanajichua wamesimama, msuli umekaza kubeba mwili, wakidhani ugumu wanaousikia ni "fundo". Kwa kigimbi, kaa kwenye kiti, weka unyayo juu ya kigoda kifupi, goti likunjwe mpaka ukikitikisa kigimbi kwa mkono kinaning'inia. Anzia pale nyama ya msuli inapoanza, juu ya kano ya kisigino, na uishie vidole vinne chini ya mkunjo wa nyuma ya goti. Mpapaso mmoja wa kupanda uchukue sekunde tatu hadi nne. Sekunde 30 za kwanza ziwe nyepesi, karibu uzito wa fimbo na mikono tu. Sekunde 30 zinazofuata ongeza kidogo. Ukitaka rudia mara moja, lakini msuli mmoja usizidi dakika mbili.

Kipimo cha nguvu ni hiki: kama sifuri ni kutosikia kitu na kumi ni maumivu yasiyovumilika, baki kati ya nne na sita. Njia rahisi zaidi ni kuongea. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima kwa sauti yako ya kawaida, uko sawa. Ukibana pumzi au kukunja vidole vya miguu, umezidisha, na msuli wenyewe unajikaza kujilinda. Ukikuta sehemu moja inauma kuliko nyingine, simama hapo sekunde 10 hadi 20 ukipunguza nguvu kwa nusu, kisha endelea. Usiigandamize kama unayesaga karanga.

Kwa paja la mbele, kaa na uinyooshe miguu kiasi; anzia vidole vinne juu ya pia ya goti, uishie kabla ya kinena. Paja la nyuma linachuliwa ukiwa umekaa ukingoni mwa benchi, rola ikipita chini ya paja. Ugokoni, mfupa hauguswi kabisa. Msuli uko pembeni kwa nje, upana wa vidole viwili. Upande wa nje wa paja kuna mkanda mgumu wa nyuzi unaotoka kwenye nyonga hadi chini ya goti. Huo si msuli na haulainiki kwa rola hata ukiukanda hadi Krismasi. Chua misuli iliyo mbele na nyuma yake, na makalio. Mgongo ni wa kuchuliwa na mtu mwingine, pembeni mwa uti wa mgongo, na si eneo la figo. Mbele na pembeni mwa shingo hapachuliwi kwa rola na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Mafuta kidogo yanasaidia msimu huu ambao ngozi inakauka na kupasuka, lakini matone machache yanatosha. Yakizidi, kishikio kinateleza na rola inagonga mfupa. Dawa za kuchua zenye mentholi zinatia ganzi ya juujuu, na ngozi yenye ganzi haikuambii umezidisha nguvu. Chagua kimoja: dawa au rola.

Siku ya pili na ya tatu unaweza kurudia kwa muda uleule. Matembezi mepesi, usingizi na chakula cha kutosha vina nafasi kubwa kuliko rola katika kupona. Kuhusu diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za jamii yake, kumeza kabla ya mbio au wakati mwili umepungukiwa maji kunaweza kudhuru figo. Hili halina mjadala, na bado kuna wanaogawiana vidonge mstarini.

Wasiopaswa kutumia

Maumivu ya mazoezi yanakuja taratibu na yanakaa miguu yote miwili. Maumivu yaliyoanza ghafla katikati ya mbio, sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, pengine kwa kusikia kama umepigwa teke au kusikia mlio, ni msuli au kano iliyopasuka. Hapo rola inaongeza kuvuja damu ndani. Funga bandeji isiyobana sana, inua mguu, na barafu iliyofungwa kitambaani ikae dakika 15 hadi 20.

Kigimbi kimoja kilichovimba, cha moto na kinachouma, hasa baada ya kukaa saa nyingi kwenye basi la kutoka Dar es Salaam au Mwanza, kinaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Bonge hilo likisukumwa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Usichue, usikande, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini, wenye mishipa ya miguu iliyojitokeza, wajawazito, na wenye kisukari ambao miguu yao ina ganzi wapate ushauri kwanza. Mwenye selimundu anayepata maumivu ya mifupa na viungo asitafute rola, atafute huduma.

Na mkojo. Ukiona baada ya zoezi zito mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, misuli imevimba na imekosa nguvu, hiyo ni dharura. Misuli iliyoharibika kwa wingi inamwaga protini inayoziba figo. Huwapata zaidi walioacha mazoezi miezi mingi wakarudi kwa mkupuo, skwati mia tatu siku ya kwanza.

Utaratibu wa huduma na malalamiko

Katika hospitali za umma, huduma ya fiziotherapia kwa kawaida hutanguliwa na kumwona daktari. Unaanzia mapokezi kufungua faili, unaonana na daktari wa wagonjwa wa nje, naye anaandika maelekezo ya ndani kwenda fiziotherapia. Mwenye bima aje na kadi pamoja na kitambulisho chenye majina yaleyale. Majina yakipishana herufi moja, uhakiki unakwama na lawama zinamwendea mhudumu wa dirishani ambaye hakuandika kadi hiyo. Asiye na bima atapewa kumbukumbu namba ya malipo na atalipa benki au kwa simu. Malipo ya mkononi kwa mtumishi hayaruhusiwi, hata akiwa ndugu yako, na hayatambuliki ukidai huduma. Ukiwa na rufaa kutoka kituo cha afya, ije karatasi yenye mhuri. Picha ya karatasi kwenye simu imeshaleta usumbufu wa kutosha.

Kuhusu matangazo: rola inayouzwa kama kifaa cha mazoezi ni bidhaa ya kawaida. Ikianza kutangazwa kwamba inatibu ugonjwa, tuseme baridi yabisi, kupooza au presha, inaingia kwenye tafsiri ya kifaa tiba chini ya sheria inayosimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na muuzaji atatakiwa kujibu maswali ya usajili na ya tangazo lenyewe. Mwananchi mwenye shaka atoe taarifa ofisi za TMDA Kanda ya Kati, hapa Dodoma, akiwa na picha ya boksi, maneno ya tangazo kama yalivyo, na risiti. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha nani aliuza. Anayejitangaza kutibu majeraha wakati hajasajiliwa na baraza la taaluma yake anafanya kosa linaloweza kumletea faini au kifungo. Kumchua mwenzako bega baada ya mbio si kosa, msiogope.

Anayekuja kliniki kwa sababu ya maumivu ya rola aje na rola yenyewe, ili tuone inapokandamiza. Na avae kaptura, kwa sababu paja haliwezi kukaguliwa ndani ya suruali ya jinzi inayobana, na foleni ya nyuma yake huwa ndefu.