"Kujifunza kwa kuhudumia" maana yake nini hasa?

Kama unakaa Moshi au Arusha ikifika mwezi wa saba unawaona tu, vijana wa chuo kutoka Marekani na Ulaya wanashuka kwenye Kosta mbele ya shule ya msingi. Sisi tunawaita wazungu wa kujitolea basi, kumbe wengine kwao lile ni somo kabisa, unafanya kazi ya jamii, kazi inakufundisha, unaandika ripoti unapewa maksi. Ndo kujifunza kwa kuhudumia, hapo ndo inapoachana na kujitolea kwa kawaida.

Hii kitu ilianzia Marekani miaka ya 60. Mwaka 1979 Robert Sigmon, mmoja wa waliyoianzisha, akaweka kanuni tatu: anayehudumiwa ndo ashike usukani wa hiyo huduma, atoke hapo akiwa na uwezo zaidi wa kujifanyia mambo yake, na anayehudumia naye ajue ni mwanafunzi.

Ya kwanza ndo inavunjwa sana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa angalia, jembe linatolewa na mwenyeji na shamba anaonyesha yeye, hawa wengine wanakuja na jembe lao na wameshachagua pa kulima. Mwalimu wa darasa la tatu yuko katikati ya hesabu anaambiwa pisha wageni, watoto wanaimba kichwa mabega magoti vidole, ileile waliyoimba na kundi la mwezi jana. Ungemuuliza yeye labda angekwambia nisaidieni kusahihisha haya madaftari 90.

Hospitali ndo balaa zaidi. Kipimo changu ni kimoja, kama kwenu huruhusiwi kumchoma mtu sindano basi na hapa huruhusiwi, na usiseme mgonjwa alikubali, mama wa watu anaanzaje kukataa mbele ya daktari na mgeni wake?

Na vituo vya yatima, mtoto anakuzoea wiki tatu unaondoka, kesho anazoeshwa mwingine. Kenya walisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017.

Sisemi wasije, wakiitwa na wakakaa na wanachuo wa hapahapa wakafanya kazi pamoja inanoga. Ila ile ripoti ya maksi iandikwe na Kiswahili bwana, nakala abaki nayo mwenyekiti wa mtaa.