Nyaya mbili za 1986 ambazo hazijapata mrithi

Gari likija taa zote za dashibodi zimewaka, mimi huanza na multimita, kompyuta baadaye. Nachomoa betri, naweka ncha moja kwenye pini namba 6 ya soketi ya uchunguzi na nyingine kwenye namba 14. Nikisoma omu 60, napumua: rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho wa mtandao, zote zipo. Nikisoma 120, moja haionekani, na mara nyingi ni waya uliokatika.

Pini hizo ni za CAN, mtandao wa nyaya mbili unaounganisha kompyuta ndogo zilizomo ndani ya gari, ambao kampuni ya Bosch walianza kuubuni 1983 na kuutangaza Detroit Februari 1986. Kabla ya hapo kila kifaa kilivuta waya wake, na furushi la nyaya likanenepa kwa kila kompyuta iliyoongezwa.

Ujanja wake uko kwenye kugombea zamu, maana msimamizi hakuna. Kompyuta mbili zikianza kusema pamoja, kila moja hutuma namba ya ujumbe wake biti baada ya biti, yaani sifuri au moja, huku ikisikiliza waya. Sifuri humeza moja. Iliyotuma moja ikasikia sifuri hunyamaza papo hapo, na mwenzake huendelea bila hata kujua alikuwa na mshindani. Ujumbe wenye namba ndogo hupita kwanza, na hakuna kinacholazimika kuanza upya isipokuwa aliyeshindwa.

Marekani ilikuwa na kanuni yake ya mtandao wa gari, J1850, ambayo Ford na General Motors waliitumia kila mmoja kwa namna yake. Usumbufu mtupu. Kuanzia magari ya 2008, uchunguzi huko ukalazimishwa kupita kwenye CAN.

FlexRay, mtandao mwingine wa gari, ndiyo iliyotarajiwa kurithi nafasi ya CAN: megabiti 10 kwa sekunde, kila kompyuta ikisema kwa ratiba. BMW X5 ya 2006 ilikuwa nayo. Mimi niliipenda, lakini ilikuwa ghali na ratiba yake ilikuwa ngumu kuibadilisha. Kamera zilipotaka kasi zaidi, kazi hiyo ilikwenda kwa Etheneti ya jozi moja ya nyaya, iliyosanifishwa 2015. CAN nayo ilishajiongeza: tangu CAN FD ya 2012, ujumbe mmoja hubeba hadi baiti 64 badala ya 8.

Kasoro yake ni ile ile ya tangu mwanzo: ujumbe hautaji kwa uhakika umetoka kwa nani. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep Cherokee wakiwa mbali, kupitia mfumo wake wa redio, hadi wakafika kwenye CAN. Gari likapoteza nguvu katikati ya barabara kuu. Geaboksi ilipokea amri, ikatii.